Maiti Bwawani

Taa za magari ya polisi zinawaka na kuzima kwenye kuta za nyumba ya Bette na Tina. Wanawake tuliowazoea kwa miaka mitano wamepigwa na butwaa, kila mmoja na lake moyoni. Jenny Schecter ametolewa kwenye bwawa la kuogelea la nyumba hiyo, maiti. Hivyo ndivyo ulivyofunguliwa msimu wa sita, wa mwisho, wa The L Word, usiku wa tarehe 18 Januari 2009, kwenye kituo cha kulipia cha Showtime huko Marekani. Muda si mrefu tukarudishwa nyuma miezi mitatu. Jenny yupo, anapumua, anagombana na watu kama kawaida yake. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza.

Kifo chenyewe hakikunikera. Wengi wetu tumelelewa na vibanda vya video, tukakariri kwamba stelingi hafi, lakini hiyo ni sheria ya filamu za ngumi. Tamthilia ya watu wazima haifungwi nayo. Isitoshe, Jenny sikuwahi kumpenda. Kilichonikera ni swali tulilokabidhiwa pamoja na maiti: nani kamuua? Tamthilia ambayo tangu mwanzo ilihusu jinsi wanawake wanavyoishi pamoja, wanavyopendana, wanavyosalitiana na kusameheana juu ya kikombe cha kahawa, ilijigeuza ghafla kuwa jalada la upelelezi. Na kwa swali hilo moja ilibadilisha namna tunavyopaswa kumtazama kila mtu ndani yake.

Kwa wasioijua, niwaweke sawa kwa kifupi. The L Word ilianza tarehe 18 Januari 2004, miaka mitano kamili kabla ya usiku ninaouzungumzia, na aliyeisimamia muda wote ni Ilene Chaiken. Ni habari za kundi la wasagaji wa Los Angeles. Bette Porter, anayechezwa na Jennifer Beals, ni bosi wa sanaa asiyependa kushindwa. Tina ni mwenzake wa miaka mingi, wanaachana na kurudiana. Shane ni msusi anayevunja mioyo bila kukusudia. Alice ni mwandishi mwenye mdomo mrefu, ndiye aliyechora ile chati inayoonyesha nani kalala na nani mjini. Dana alikuwa mcheza tenisi. Kit, dada wa Bette, ni Pam Grier. Na Jenny, anayechezwa na Mia Kirshner, ndiye mgeni tuliyeingia naye: binti mwandishi aliyehamia mjini kuishi na mpenzi wake wa kiume, nyumba ikawa jirani na ya Bette na Tina.

Kabla sijaendelea kulalamika, nitoe sifa pale inapostahili, maana wanaosema kifo kile kilipachikwa tu hawakuangalia vizuri. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya mwaka 2004, Jenny anachungulia uani kwa jirani na kumwona Shane na mwanamke mwingine wakiwa ndani ya bwawa, na si kuogelea walikokuwa wanafanya. Binti yule anabaki ameduwaa. Maisha yake yote yanayofuata, mapenzi ya kuibia na mwanamke anayeitwa Marina, ndoa iliyovunjika kabla haijakaa, vitabu, filamu, yote yanaanzia kwenye yale maji aliyoyatazama kupitia uzio. Mpenzi wake Tim, kana kwamba waandishi walitaka kutusukumia kidole, ni kocha wa kuogelea. Sasa miaka mitano baadaye Jenny yuko ndani ya bwawa lilelile, na sisi ndio tunaochungulia.

Hiyo si bahati mbaya. Na mtu aliyeangalia filamu za zamani za Hollywood atakumbuka Sunset Boulevard ya Billy Wilder, ya mwaka 1950, inayoanza na mwandishi wa filamu anaelea kwenye bwawa la jumba la Los Angeles, amekufa, kisha hadithi inarudi nyuma kutueleza alifikaje pale. Jenny naye kufikia hapo alikuwa ameandika filamu na kuiongoza mwenyewe hadi aliponyang'anywa. Kama picha, ufunguzi ule ni wa mtu anayejua kazi yake.

Tatizo ni kwamba maiti ya Wilder inasimulia. Ina sauti, ina kejeli, na mwisho wa filamu unajua kila kitu kilichompata. Maiti ya Jenny ilinyimwa sauti, ikapewa washukiwa.

Ukishawapa watazamaji swali la nani kaua, unajifunga kwenye kazi moja ya kuchosha: lazima kila mhusika apate sababu ya kuua. Msimu ule ulikuwa na sehemu nane tu, wakati misimu mitatu iliyoutangulia ilikuwa na kumi na mbili kila mmoja. Kwa hiyo sababu zilimwagwa kwa haraka, kama anayejaza fomu dirisha linafungwa. Alice? Jenny kamwibia wazo lake la filamu. Bette? Jenny kamrekodi na mwanamke mwingine katika hali ya kutia shaka na anatishia kumwambia Tina. Shane? Jenny kaficha barua ya mapenzi aliyoandikiwa na Molly. Tina na wenzake wa studio? Jenny, inakuja kuonekana, ndiye aliyekuwa na zile kanda asilia zilizopotea za Lez Girls, ile filamu aliyonyang'anywa. Hata nyumba yenyewe ilipewa nafasi katika njama: Bette na Tina wanaongeza ghorofa kwa sababu wanapanga kuasili mtoto wa pili, ujenzi haujaisha, na ukingo wa juu haujakazwa.

Soma tena orodha hiyo. Wanawake wanne wenye historia ya miaka, na uhusiano wao na Jenny umepunguzwa kila mmoja kuwa kosa moja la kwenye jalada.

Sasa niseme kuhusu kile kilichobaki cha sehemu ile ya kwanza, maana hapo ndipo penye utajiri na ndipo paliponiuma. Msimu wa tano ulimalizika kwenye sherehe ya kumaliza filamu, Jenny akimfumania Shane na Niki, mwigizaji kijana ambaye Jenny alikuwa anampenda. Waliofumaniwa ni wawili, lakini aliyemuumiza ni Shane. Jenny alimwambia Shane, si Niki, kwamba amemvunja moyo. Shane na Jenny wanaishi nyumba moja. Kwa hiyo ufunguzi wa msimu wa sita, ukiondoa ile maiti ya mwanzoni, ni habari ya watu wawili wanaolazimika kupishana kwenye korido moja asubuhi baada ya usiku ule.

Kila aliyewahi kupanga na mtu anaijua hali hiyo. Mlango unafungwa kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Mmoja anajifanya amelala. Niki naye anahangaika kutaka kusikilizwa, na hakuna mwenye muda naye, kwa sababu ugomvi huu haumhusu hata kidogo. Taratibu tunaanza kuelewa kwamba Jenny hana wivu juu ya Niki. Ana wivu juu ya Shane. Katherine Moennig, anayemcheza Shane, ana uwezo wa kusimama mlangoni bila kusema neno na ukaona aibu imemshuka hadi mabegani. Kirshner naye anaweza kuwa mkatili na mtoto mdogo katika sentensi moja. Hii ndiyo hadithi niliyokuwa nimeisubiri bila kujua naisubiri: rafiki wa nyumbani aliyekuwepo muda wote, mapenzi yaliyojificha ndani ya kuoshana vyombo.

Kwamba iliandaliwa zamani, kuna ushahidi. Mwishoni mwa msimu wa pili Shane anamkuta Jenny bafuni, amejikatakata, damu inatiririka, na anamkumbatia pale sakafuni. Jenny alikuwa ameanza kukumbuka unyama aliofanyiwa utotoni. Baada ya tukio hilo, wale wawili hawakuwahi kuwa marafiki wa kawaida tena. Mtu mwenye subira angeweza kujenga msimu mzima juu ya hilo na watu wangelia.

Lakini nani atalia, wakati macho yako yanatafuta ushahidi? Kila Jenny alipomsogelea Shane, akili yangu ilikuwa inaniuliza kama ndiye muuaji. Jicho la kamera lilipotulia juu ya sura ya Shane sekunde moja zaidi, sikuona mapenzi, niliona mshukiwa. Taharuki ni kiungo kizuri, lakini chombo kile hakikuihitaji, na ilipotiwa ikafunika ladha zote. Nimewahi kumwekea mtu sehemu hiyo kuanzia pale tunaporudishwa miezi mitatu nyuma, bila kumwambia chochote kuhusu bwawa. Aliiona kuwa moja ya sehemu nzuri za tamthilia nzima. Akaniuliza kama hawa wawili wataishia pamoja.

Linganisha na Dana. Dana Fairbanks alikufa msimu wa tatu, mwaka 2006, kwa saratani ya matiti, na mashabiki wengi hawajamsamehe Chaiken mpaka leo. Mimi mwenyewe bado naona lilikuwa kosa kumwondoa mhusika aliyekuwa mchangamfu kuliko wote. Hata hivyo kifo kile kilipewa heshima ya kifo. Tulimwona akiugua, akimfukuza mpenzi wake kwa uchungu, akipoteza nywele. Kanisani, mchungaji alipozungumza kana kwamba Dana alikuwa msichana aliyesubiri kuolewa na mwanamume fulani, Alice alishindwa kuvumilia, akainuka na kumkatiza. Baadaye marafiki wakabeba majivu na kwenda kuyamwaga kwenye maporomoko ya maji ya mahali alipopendea kwa mara ya kwanza. Tulipewa matanga. Jenny alipewa mkanda wa njano wa polisi.

Na hapa ndipo ninapoishuku zaidi sehemu ile. Waandishi walijua fika kwamba mashabiki wengi walimchukia Jenny. Walikuwa wamemfanya achukiwe, tena kwa bidii. Msimu wa nne alimchukua mbwa mzee mgonjwa, akampeleka kudungwa sindano ya kufa, lengo likiwa kumtongoza daktari wa wanyama ambaye ni mpenzi wa mwandishi aliyekiponda kitabu chake. Ukishaandika mambo kama hayo, chuki ya mtazamaji haiwi siri tena, inakuwa mtaji. Rafiki yangu niliyekuwa naye siku ile, tunaangalia kwa diski ya kunakili yenye msimu mzima ndani, alipoona uso wa Jenny alipiga makofi mara moja. "Afadhali, mwenzangu!" Akaendelea kutafuna karanga. Sikumlaumu. Aliitikia alichoombwa aitikie.

Swali "nani kamuua Jenny" lina swali jingine tumboni mwake, ambalo ni "nani asingetaka kumuua?" Ufunguzi ule ulitualika tukae upande wa wauaji tangu dakika ya kwanza, halafu ukatumia wiki nane kutupa sababu za kujisikia vizuri hapo tulipokaa. Mwanamke aliyebakwa utotoni, aliyejikata, ambaye hakuwahi kupata tiba ya maana, akageuzwa kuwa kero inayohitaji kuondolewa. Sidhani kama Chaiken alikusudia ukatili huo. Nadhani alitaka watu wazungumze, na kweli walizungumza.

Wapo wanaotetea. Hoja yao kubwa ni kwamba mwisho bila jibu ni ujasiri wa kisanaa. Maisha hayatoi majibu, kwa nini tamthilia itoe? Ningewaelewa kama tamthilia yenyewe ndiyo iliyochagua kunyamaza. Lakini ilianza kwa kuuliza kwa sauti kubwa. Ndugu zetu wa tamthilia ya Dallas walimpiga mhusika wao J.R. risasi mwaka 1980, dunia nzima ikabaki roho juu, na Novemba ya mwaka huohuo jibu likatoka. Hata tamthilia iliyoitwa ya watu wa kawaida ilijua kwamba ukikopa, unalipa. The L Word ilifika tarehe 8 Machi 2009, sehemu ya mwisho, wanawake wakapelekwa kituoni kuhojiwa, halafu ghafla wanatembea pamoja barabarani wanatabasamu kwa kamera, nguo nzuri, muziki, kwaheri. Kilichofuata ni video za mahojiano ya polisi zilizowekwa kwenye tovuti ya kituo, ambazo nazo hazikumaliza kitu.

Kuna maelezo ya kibiashara ambayo ukiyajua mambo yanaeleweka zaidi. Chaiken alikuwa ametengeneza sehemu ya majaribio ya tamthilia nyingine, The Farm, inayotokea gereza la wanawake, na mfungwa wake mkuu ni Leisha Hailey, yaani Alice wetu. Showtime waliikataa mwaka huohuo wa 2009. Mimi nalisoma hivi, na ni usomaji wangu: maiti ya bwawani ilikuwa mbegu ya duka la pili. Duka la pili halikufunguliwa, mbegu ikabaki imeoza mikononi mwa la kwanza. Msimu wa mwisho wa tamthilia pekee ya aina yake kwa wakati ule ulitolewa kafara kwa kitu ambacho hakikuzaliwa.

Kumbuka pia ilikuwa wakati gani. Tarehe 4 Novemba 2008, wapiga kura wa California, jimbo lilelile wanamoishi Bette na Tina, walipitisha Proposition 8 iliyofuta ndoa za jinsia moja zilizokuwa zimeruhusiwa miezi michache tu kabla. Mashabiki wa tamthilia ile waliingia Januari wakiwa na kidonda kibichi. Msimu ulikuwa umeshaandikwa, siwezi kuwalaumu waandishi kwa kalenda. Lakini watazamaji huja na walichobeba, na walichopokelewa nacho ni machela.

Halafu yule askari. Sajini Duffy anayekuja kuwahoji wanawake hawa anachezwa na Lucy Lawless, yaani Xena mwenyewe, shujaa wa upanga aliyependwa na wasagaji wa dunia nzima tangu 1995. Xena naye aliuawa katika sehemu yake ya mwisho, mwaka 2001, na mashabiki waliomboleza kana kwamba wamefiwa na shangazi. Sasa unamleta huyo, kati ya waigizaji wote, kuja kuandika maelezo ya mwanamke mwingine aliyeuawa na waandishi wake! Sijui kama kuna aliyecheka chumbani walipompanga. Mimi nilicheka, kicheko cha kizuizini.

Jambo hili lina ukoo mrefu. Tara, msagaji wa tamthilia ya Buffy, alipigwa risasi akafa mwaka 2002. Lip Service ya Uingereza, iliyokuja baada ya The L Word na kutarajiwa kuziba pengo lake, ilimuua Cat katika msimu wake wa pili mwaka 2012, na haikupata msimu wa tatu. Lexa wa The 100 aliuawa kwa risasi iliyomkosa mlengwa mwezi Machi 2016, na hapo mashabiki wakachoka rasmi; walichangisha pesa kwa ajili ya simu za kuzuia vijana kujiua, wakawakalia kooni waandishi wa televisheni mpaka wengine wakaanza kujieleza hadharani. Jenny hayumo sana katika orodha hizo zinazosambazwa. Hakupendwa vya kutosha kuombolezewa, na nadhani hilo linaonyesha jinsi ufunguzi ule ulivyofanikiwa.

Tarehe 8 Desemba 2019 tamthilia ilirudi kwa jina la Generation Q, msimamizi mpya akiwa Marja-Lewis Ryan. Ufunguzi wake unaanza kitandani, wapenzi wawili vijana, Dani na Sophie, asubuhi, na damu ya hedhi ambayo hakuna anayeiogopa wala kuifanyia hotuba. Nilipoona damu ile nikajua kuna mtu amewaza. Kit tunaambiwa alifariki kwa dawa za kulevya za kutuliza maumivu, na kifo chake kina kazi: ndicho kinachomsukuma Bette kugombea umeya wa Los Angeles. Unaweza kubishana na uamuzi wa kumwondoa mhusika mweusi wa muda mrefu namna hiyo, na mimi nabishana nao, lakini angalau dada yake anamkumbuka mbele yetu.

Jenny naye alijibiwa, baada ya muongo mmoja: alijiua. Maneno machache, mazungumzo yakapita. Ukirudi kwenye lile bafu la msimu wa pili, jibu lina mantiki kuliko muuaji yeyote kati ya wale walioorodheshwa. Ndiyo maana linaudhi kwa namna mpya. Kama alijiua, basi zile wiki nane za kutafuta nani anamchukia zaidi zilikuwa wiki nane za marafiki kumwona mtu anazama, na sisi tukihesabu sababu.

Generation Q ilijua kurekebisha ilipotaka. Max, mwanamume aliyebadili jinsia ambaye msimu wa sita ulimpa ujauzito na kisha kumfanyia dhihaka mwanzo hadi mwisho, alirudishwa katika msimu wa tatu mwaka 2022, akiwa na familia yake na furaha yake, na tamthilia ikayakubali makosa yake bila kuzunguka. Ilifungwa Machi 2023 kabla haijapata, au haijataka, kumfikia Jenny kwa mtindo huo. Shane yumo katika misimu yote mitatu. Shane ndiye aliyepanda darini mwaka 2009, akaikuta barua ya Molly na zile kanda za filamu, akashuka akiwa mtu mwingine, na saa chache baadaye mwenzake wa nyumba yuko bwawani. Misimu mitatu, meza nyingi, chupa nyingi za mvinyo, Alice mdomo wazi kama kawaida yake, na hakuna aliyemuuliza alimwambia nini Jenny alipotoka kule juu.